Nililiona wingu, nikaliweka status

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilikuwa kwa bibi Newala, na bibi aliniachia kazi moja tu, narudia, moja. Alikuwa anaenda msibani kijiji cha jirani, korosho zimeanikwa nje kwenye maturubai matatu, akanambia mjukuu wangu kaa hapa kibarazani, ukiona wingu linapanda upande ule wa Shimo la Mungu anua korosho uingize ndani, usingoje tone la kwanza. Nikamwitikia sawa bibi. Na nilikuwa na nia kabisa, sikuitikia tu ili aondoke.

Wingu likaja kweli. Tena nililiona vizuri sana maana lilikuwa zuri, chini jeusi, juu limepigwa na jua linang'aa kama sufuria jipya, nikatoa simu nikalipiga picha nikaweka status, "Newala leo", nikaanza kujibu watu. Kuna jamaa yuko Mtwara mjini akaniuliza huko mvua ishaanza? Nikamjibu bado ila inakuja. Nimeandika mwenyewe, kwa kidole changu, inakuja. Korosho ziko hatua tano kutoka nilipokaa.

Walionishtua ni kuku. Kuku wa bibi walikatiza mbele yangu mbio wakielekea uvunguni mwa kichanja, nikainua kichwa nione wanakimbia nini, ndio nikasikia matone kwenye bati. Turubai la kwanza nililiwahi, la pili nusunusu, la tatu lilikuwa bwawa. Na korosho ikishalowa mnajua wenyewe, daraja linashuka, kule ghalani hawana huruma na unyevu. Bibi aliporudi hakugomba (afadhali angegomba), alikaa sebuleni akawa anazitandaza upya kwenye jamvi, kimya, halafu akasema kama anaongea na korosho: "Hata kuku wamekumbuka."

Hiyo sentensi ndio imenifanya nikae mwaka mzima na zaidi nasoma mambo ya wanyama usiku badala ya kulala. Maana kwanza nilitaka kujitetea. Kuku hawajakumbuka kitu bwana, kuku wamelowa wakakimbia, hiyo sio kumbukumbu hiyo ni ngozi. Mimi ndio nilikuwa na cha kukumbuka. Asubuhi nilipewa neno, nikaliweka mahali, na lilitakiwa liinuke lenyewe saa nane mchana bila mtu kunisukuma, likalala. Kuku hakupewa neno lolote asubuhi. Kwa hiyo kwa namna fulani mimi nilifeli mtihani ambao kuku hata hakuufanya. Nilipomwelezea bibi hivi alinitazama tu, ila nadhani hoja ilikuwa nzuri.

Ukizisogelea hizi habari utaona kuna kumbukumbu za aina mbili ambazo sisi tunazichanganya kwa sababu neno letu ni moja. Kuna ile ya nyuma, jana nilikula nini, fulani anaitwa nani, funguo niliziweka wapi. Halafu kuna ile ya mbele, ambayo mi naiita kumbukumbu ya "nitafanya": nikifika sokoni ninunue nazi, saa mbili nimeze dawa, nikimuona mwalimu nimpe ujumbe. Watafiti wawili wa Marekani, Einstein (sio yule mwenye nywele) na McDaniel, mwaka 1990 waliigawa hii ya pili sehemu mbili, kuna inayofungwa kwenye saa na kuna inayofungwa kwenye tukio. Dawa saa mbili ni ya saa. Wingu ni la tukio. Na ya tukio watu wengi wanaiona rahisi zaidi kwa sababu tukio lenyewe linakukumbusha, sasa fikiria mtu ambaye tukio limekuja likampigia hodi na yeye akalipiga picha.

Kitu cha ajabu kwenye hii kumbukumbu ya mbele ni kwamba katikati unaisahau, na inatakiwa uisahau. Huwezi kukaa kutwa unajiambia wingu korosho wingu korosho, utashindwa hata kunywa chai. Unaiweka chini, unafanya mengine, halafu kwa wakati wake inarudi. Swali langu likawa, mnyama anaweza hivyo? Simaanishi kufika kwa wakati tu, maana jogoo anawika kwa wakati na hakuna anayesema jogoo ana ratiba. Namaanisha kubeba jambo, kuliweka pembeni, na kulichukua tena.

Sasa hapa ndio anaingia paka wa shangazi.

Shangazi yangu anakaa Mikindani, anakaanga samaki jioni barabarani, ukitaka vibua vilivyokauka vizuri hadi mifupa unatafuna ni kwake. Ana paka, hana jina, anaitwa "we paka". Huyu paka kazi yake ni kwenda pwani ngalawa zinapoingia, anakaa pale kwenye marundo ya kamba na maganda, anasubiri watu wapare samaki atupiwe matumbo. Nilichokiona mimi nikiwa pale likizo ni kwamba anafika kabla. Yaani ngalawa bado iko mbali, tanga unaliona kama ukucha, paka ameshakaa. Na mnajua pwani ya kwetu, ngalawa haziji saa ile ile kila siku, zinafuata maji, na maji yanasogea kama dakika hamsini kila siku, leo yamejaa saa tisa kesho yatajaa karibu saa kumi, wiki ikiisha mambo yote yamegeuka. Kwa hiyo sio saa ya tumbo. Saa ya tumbo ingemleta muda ule ule kila siku.

Nikanunua daftari. Nimeshasema nilikuwa likizo. Nikawa naandika, tarehe, maji, ngalawa ya kwanza imeingia saa ngapi, paka katoka nyumbani saa ngapi. Siku nne mfululizo paka alisogea na maji, sawasawa kabisa, siku ya nne nikaandika kwa herufi kubwa PAKA ANAJUA MAJI nikapigia mstari mara mbili. Nilijiona kama nimegundua mafuta.

Siku ya sita shangazi alipata homa akalala. Ngalawa zikaingia kama kawaida, nilikuwa pale pwani naziona, samaki wakapigwa mnada wakaisha, paka hakuja. Nikarudi nyumbani nikamkuta amelala juu ya gunia la mkaa. Siku ya nane shangazi kapata nafuu, akachukua ndoo kwenda bombani kuchota maji, sio pwani, bombani, huku nyuma kabisa upande wa mlimani, na paka akamfuata akaenda akakaa pale kwenye foleni ya ndoo anaangalia watu wanachota maji na uso wa mtu anayesubiri pweza. Kumbe ni ndoo. Anayejua maji ni shangazi, na kabla hajatoka lazima aifuate ndoo kule jikoni, mpini wake unalia kwe-kwe, paka anasikia ndoo anatoka. Daftari lote siku nane nilikuwa nampima shangazi.

Shangazi nilimpa matokeo akacheka mpaka akakohoa. "We mtoto, si ungeniuliza?"

Lakini ile aibu ilinisaidia kusoma vizuri, maana wanaopima wanyama kweli kweli wanahangaika na hiyo hiyo ndoo. Kila mnyama akifanya jambo la kesho wao wanauliza, kuna ndoo gani hapa inayolia? Kuna njaa? Kuna harufu? Kuna mazoea? Mfano kuna ndege wa bluu wa Marekani wa ukoo wa kunguru ambao wana tabia ya kuficha chakula, na kule Cambridge Uingereza mwaka 2007 Raby na wenzake akina Clayton walifanya kitu kizuri sana nao. Asubuhi nyingine ndege anaamkia chumba ambacho kifungua kinywa kipo, asubuhi nyingine chumba ambacho hakuna kitu, anakaa na njaa yake. Jioni alikuwa anapewa mbegu zilizosagwa, unga, hauwezi kufichika. Halafu jioni moja ghafla anapewa mbegu nzima, na vyumba vyote viko wazi. Akaenda akazificha zaidi kwenye chumba cha njaa. Yaani kama mtu anajua kesho anaweza akaamkia geto ambalo hamna hata majani ya chai, anabeba na vitumbua usiku.

Nikasoma hiyo nikasimama juu ya kitanda. Halafu nikakaa. Kwa sababu nilishapigwa na ndoo mara moja. Labda chumba chenyewe kinamkumbusha njaa, akikiona tu anaingiwa na hofu anaficha, hiyo bado ingekuwa akili lakini isingekuwa ile ninayoitafuta. Na watu wameshabishana sana juu ya hao ndege, sitawaburuza huko.

Masokwe nao wana mambo yao. Kule Leipzig Ujerumani, Mulcahy na Call mwaka 2006 waliwapa bonobo na orangutani nafasi ya kuchagua kifaa cha kutolea chakula, wakaondoka nacho kwenda kulala, na baadhi wakarudi nacho baada ya masaa 14. Mimi mwavuli wangu umelala kwenye daladala ya Mtwara mara tatu. Halafu kuna wale sokwe wa kike wa msitu wa Taï kule Kodivaa, Janmaat na wenzake waliwafuata wakaona kwamba kesho yake kama kifungua kinywa ni tini, ambazo zinagombaniwa na kila mwenye mdomo porini, wanaamka kabla jua halijatoka, gizani, na chui wapo, hasa kama mti uko mbali. Kama ni tunda lisilo na fujo wanalala mpaka kunakucha vizuri. Hapo nikamkumbuka shangazi siku za giza, msimu wa dagaa, anavyoamka saa kumi usiku, na siku za mbalamwezi ambapo boti hazitoki anavyokoroma mpaka saa moja.

Aliyenigusa zaidi ya hao wote ni sokwe mmoja aliyeitwa Panzee, aliyekaa kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Georgia State kule Marekani. Huyu alifundishwa alama, kila alama ina maana ya kitu, ndizi ina yake, karanga ina yake. Mtu anaficha chakula nje vichakani Panzee akiangalia kupitia wavu, halafu baadaye, hata kesho yake, anakuja mtu mwingine kabisa ambaye hajui kitu, na Panzee anamwita, anamwonyesha alama ya kile chakula, anamnyooshea kidole mpaka kipatikane. Baadaye Beran na wenzake mwaka 2012 wakamtega kwa hii ya "nitafanya" yenyewe: chakula kimoja kimebaki ndani, lakini kukiomba sasa hivi huwezi, kuna kingine kimetawanywa nje ukakitafute kwanza, ukimaliza ndio ukumbuke kuleta alama ya kile cha ndani, na iwe alama sahihi.

Hapo kuna mambo mawili na nilikuwa sijawahi kuyatofautisha mpaka nilipokumbuka kanga ya bibi. Bibi akitaka kukumbuka jambo anafunga fundo kwenye pindo la kanga, upande ule asioweka hela. Anatembea nalo. Siku moja tuko sokoni Newala tumeshanunua kila kitu, tumefika mpaka stendi, bibi akaliona fundo akasimama katikati ya njia pikipiki zinampigia honi. "Fundo hili hapa," akasema, "ila la nini?" Tukasimama pale tunataja vitu, chumvi? Tumenunua. Viberiti? Betri? Akaja kukumbuka usiku, ilikuwa dawa ya macho. Yaani nusu moja ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, ile nusu ya kwamba kuna jambo, na nusu nyingine ya jambo gani ilikuwa imekufa. Mimi siku ya korosho ilikuwa kinyume, ungeniamsha usingizini ukaniuliza wingu likija unafanya nini ningekujibu naanua korosho, jibu lote nilikuwa nalo, ila hakuna aliyeniuliza. Panzee alitakiwa awe na zote mbili na mara nyingi alikuwa nazo.

Lakini bado ndoo inanisumbua. Kuletewa nafasi ya kutoa alama si nayo ni kukumbushwa? Nilikuwa karibu kuachana na haya mambo, nikakutana na panya.

Najua. Watu wa kusini na panya, semeni utani wenu wote tumalize tuendelee. Na simuongelei yule panya buku wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu, ingawa kama humjui Magawa, aliyefundishwa hapa hapa Tanzania akaenda kunusa mabomu Kambodia mpaka akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020, katafute. Hawa ni panya wa maabara wa kawaida, na walioniokoa ni watafiti wawili, Wilson na Crystal, mwaka 2012.

Wao waliacha kuangalia kama panya anafanya jambo kwa wakati. Waliangalia anaharibu nini wakati anasubiri.

Walifanya hivi. Panya ana kazi ya dakika 90 kila siku, anasikia mlio, ukiwa mfupi abonyeze huku, ukiwa mrefu abonyeze kule, akipatia anapata punje. Kazi ya kuchosha lakini panya anaijua. Nusu ya panya wakimaliza hizo dakika 90 wanapewa msosi wa maana, gramu 8, ambao kwa panya ni sinia. Nusu nyingine wakimaliza basi, hakuna kitu, nendeni nyumbani. Sasa tazama. Wale wasio na msosi walifanya kazi vile vile mwanzo mpaka mwisho. Wale wenye msosi walianza vizuri kabisa, sawa na wenzao, halafu kadiri dakika 90 zilivyokuwa zinakaribia kuisha wakaanza kuchanganya milio, mfupi na mrefu hawaitofautishi vizuri kama mwanzo. Huwezi kusema wamechoka maana wenzao nao wamekaa dakika 90 hizo hizo na hawakuharibu. Kilichobadilika ni kwamba kuna kitu kimeanza kuinuka kichwani mwao, sinia linakuja, na kikiinuka kinachukua nafasi, na kazi iliyoko mkononi inalegea.

Mwanzo wa kazi panya alikuwa na huo msosi pia, kesho na kesho kutwa anajua upo, lakini ulikuwa umelala, ndio maana haukumharibia. Ulilala, ukaamka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu kibarazani kwa bibi! Mwaka uliofuata wakarudia kwa namna ya tukio badala ya saa, panya anapewa ishara fulani inayomaanisha msosi sasa umekaribia, na kazi ikaharibika baada ya ishara.

Sijui kama nimeeleza vizuri jinsi hii ilivyonifurahisha. Kwa sababu kufika kwa wakati mtu yeyote anafika, kengele inafika, maji ya bahari yanafika. Lakini kubeba jambo kunakugharimu. Fundi wa boda anayejua saa kumi timu yake inacheza, saa tisa na nusu usimpe breki zako azikaze. Mama mkwe akisema anakuja kesho, leo chumvi kwenye mboga itakuwa ya kutosha watu wawili wenye shinikizo la chini. Mi nilivyoomba kazi fulani nikawa nasubiri simu, wiki nzima niliunguza wali, na mtu ambaye angeniona kwa nje bila kujua lolote angeweza kusema huyu ana jambo. Asingejua jambo gani. Ila angejua limeamka. Sasa ukitaka kujua mnyama ana kesho kichwani, mi naona usimwangalie kesho, mwangalie leo anapokosea.

Kuna habari nyingine ya kwetu ambayo niliipata kwa watu wazima. Babu mzaa mama ni Myao wa Masasi, na alikuwa anatuambia kuhusu yule ndege anayeonyesha watu asali, kwamba ukimfuata akakupeleka kwenye mzinga usipomwachia nta yake atakuwekea kisasi, safari ijayo atakuongoza mpaka kwa chui au nyoka. Nikajisemea kama ni kweli basi huyo ndege ana "nitafanya" kuliko sokwe wote, anabeba nia mpaka msimu mwingine! Lakini kisasi mi sikiamini, nyoka wako porini na asali iko porini, mfuate ndege miaka thelathini utakutana nao tu na utakumbuka ile siku moja uliyokula nta yote. Ila kwamba anaongoza kweli, hilo limepimwa. Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Reyer mwaka 1989 waliandika kwamba Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, wakitafuta asali sehemu wasiyoijua peke yao inawachukua kama masaa 8.9 kwa mzinga mmoja, wakiongozwa na ndege masaa 3.2. Na ng'ambo ya Ruvuma hapo tu, Niassa Msumbiji, kwa Wayao wenzake na babu, Spottiswoode na wenzake mwaka 2016 waliupima ule mwito wa kumwita ndege, ile brrr inayoishia na hm, wakakuta ukiutumia nafasi ya kuonyeshwa mzinga inapanda zaidi ya mara tatu, mpaka asilimia 54. Babu alikuwa anautoa vizuri ule mwito, sisi wajukuu tukijaribu tunatema mate tu. Mimi kinachonivutia kwa huyo ndege ni kwamba anaruka, anasimama, anageuka kukuangalia, ukichelewa anakurudia, na muda wote huo kuna mti fulani anaoujua yeye peke yake. Ningetamani kujua katika hiyo safari anakosea nini. Anasahau kula wadudu njiani? Anamkosa mwewe?

Basi mwezi wa nne mwaka huu nikarudi Mikindani, na daftari lile lile. Shangazi aliliona akasema mama yangu, limerudi. Nikamwambia safari hii sipimi paka anatoka saa ngapi, napima anaharibu nini. Mpango wangu ulikuwa huu, nimtupie paka kichwa cha dagaa muda ambao ndoo bado iko mbali, halafu nimtupie kingine dakika chache kabla shangazi hajaigusa ndoo, wakati ambao yeye mwenyewe shangazi ameshaanza kufunga kitambaa kichwani na kutafuta ndala, nione kama atakula kwa kuchelewa, atakiacha nusu, ataangalia mlangoni. Kichwa cha kwanza alikula. Cha pili alikula. Kesho yake cha tatu akala, cha nne akala na kulamba sakafu.

"Ulitaka akatae?" shangazi akauliza.

Nikamwambia labda dagaa ni tamu sana, inabidi nitafute kazi ya kumchosha, kitu asichokipenda. Akaniambia kazi ya kuchosha ninayo mimi hapa, shika huu upawa, nakwenda mara moja kwa jirani kuchukua chenji, vile vibua vinne vya kwenye karai vigeuze mafuta yakiacha kupiga kelele. Nikashika upawa. Paka alikuwa amekaa kwenye kizingiti na sikio moja limegeuka kule jikoni kwenye ndoo, moja tu, lingine liko kwangu, na nilikuwa sijawahi kuliona hilo, nikasema hapo hapo, hilo ndilo, nikachukua daftari kwa mkono wa kushoto nikaanza kuandika sikio la kulia saa kumi na dakika ishirini, halafu likarudi, halafu likageuka tena.

Mafuta yalikuwa yameacha kupiga kelele muda mrefu. Shangazi alinusa kutoka kwa jirani. Vibua vitatu tulivikwangua upande mmoja tukasema vitauzika kwa watoto wa madrasa kwa bei ya chini, cha nne kilikuwa mkaa kutoka kichwa mpaka mkia, akakishika kwa mkia akakiangalia, akaniangalia, akamtupia paka.